Kuchapa si Kuchapisha

Kutoa kitabu kwa fedha yako mwenyewe hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kunahitaji hesabu, subira na miguu.

Mwaka 2014 kirikuu kilisimama mbele ya nyumba yetu Tabata, Dar es Salaam, kikiwa na maboksi 25. Kila boksi lilikuwa na nakala 40 za riwaya yangu ya kwanza, hadithi ya familia moja ya wakata mkonge kule Korogwe, nilikowahi kufundisha. Tuliyasukuma chini ya kitanda, yakajaa, mengine yakabaki. Tukapanga juu ya kabati, mengine bado yakabaki. Sita ya mwisho yakahamia stoo, jirani na gunia la mkaa. Siku hiyo mke wangu hakusema neno. Alisema mwezi wa nane, akiwa anafagia: "Baba Neema, hawa wageni wako wanaondoka lini?"

Sikuwa na jibu. Nakala 1,000 zilikuwa zimechapwa, fedha ya mkopo wa SACCOS ilikuwa imekwisha, na waliokwishasoma kitabu walikuwa ni ndugu, majirani na walimu wenzangu wa zamani, wengi wao kwa nakala za bure. Nilikuwa nikijitambulisha kwenye misiba na harusi kwamba nimechapisha kitabu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechapa tu.

Kiswahili chenyewe kilishatenganisha mambo haya mawili, ila sisi tunayachanganya. Anayeshona ni fundi. Anayeshonesha ni mwenye harusi. Fundi atakupimia na kukukatia, lakini kitambaa umechagua wewe, fedha umetoa wewe, na suruali ikipasuka ukumbini aibu ni yako. Ndivyo ilivyo kwa kuchapa na kuchapisha. Mchapaji ana mashine, na kazi yake huisha wino unapokauka. Mchapishaji ndiye anayesababisha yote: mswada uhaririwe, kurasa zipangwe, jalada lisanifiwe, namba ipatikane, mashine zilipwe, kisha kitabu kitoke kwenye boksi kimfikie msomaji ambaye hamjui mwandishi wala hana undugu naye. Mwandishi anayeamua kutoa kitabu chake mwenyewe hupewa kazi hizo zote siku moja, wala hakuna anayemwambia.

Hawakuanza leo

Wapo wanaodhani kujichapishia ni hila ya wale waliokataliwa na makampuni. Wamsome upya Shaaban Robert, si mashairi yake peke yake, bali na kurasa zile za mwanzo ambapo huandikwa jina la mchapishaji. Kusadikika kilitolewa mwaka 1951 na Nelson, kampuni ya Uingereza. Lakini Masomo Yenye Adili na Almasi za Afrika vina jina jingine: Art and Literature, Tanga. Hiyo ilikuwa kampuni yake mwenyewe. Mtumishi wa serikali ya kikoloni, ambaye tayari sifa zake zilikuwa zimevuka bahari, aliona afadhali aingie mwenyewe kwenye biashara ya vitabu kuliko kungoja. Na kungoja kwenyewe hakukuwa mchezo: Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka 1968, miaka sita baada ya yeye kuzikwa.

Kizazi kilichofuata kilikwenda mbali zaidi. Elvis Musiba alianza na shirika la umma la Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, lililotoa Kufa na Kupona mwaka 1974. Baadaye mpelelezi wa riwaya zake, Willy Gamba, akaendelea na safari chini ya Continental Publishers, kampuni ya Musiba mwenyewe. Musiba alikuwa mfanyabiashara kabla ya kitu kingine, na baadaye aliongoza Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo ya nchi nzima. Ben Mtobwa, aliyembuni mpelelezi mwingine wa riwayani, Joram Kiango, alianzisha kampuni yake, Heko. Nilipokuwa shuleni miaka ya 1980 tulivigombania vitabu hivyo vidogo, karatasi yake ya kahawia kama ya gazeti, majalada yake yakiwa na bastola na mwanamke aliyetazama pembeni. Hatukujua kwamba nyuma ya kila jalada kulikuwa na mwandishi aliyezunguka mjini kutafuta karatasi wakati ambapo hata sukari ilipatikana kwa foleni.

Ng'ambo ya mpaka, Nairobi, David Maillu alikuwa amefanya hivyo hivyo. Mwaka 1972 alianzisha Comb Books, akaandika kwa Kiingereza chepesi juu ya walevi, makarani na wake za watu, akauza sana. Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vyake mwaka 1976. Kabla muongo haujaisha Comb Books ilikuwa imefilisika. Maillu hakuacha, alianza upya kwa kampuni nyingine. Namtaja kwa sababu hadithi za wajichapishaji husimuliwa nusu: tunasikia habari za mauzo, hatusikii za madeni.

Kisha akaja Eric Shigongo na njia iliyokuwa na akili kuliko zote. Hadithi zake zilitoka kwanza sehemu kwa sehemu kwenye magazeti ya Global Publishers, kampuni yake. Msomaji wa Ijumaa au Uwazi aliachwa njia panda wiki hadi wiki. Kitabu kilipotoka kikiwa kizima, mteja alikwishapatikana zamani. Watu hawa wote, ukiwatazama vizuri, walifanana kwa jambo moja: hawakuanzia kwa mchapaji. Walianzia kwa msomaji na namna ya kumfikia.

Kwa nini barua yako haikujibiwa

Mswada wangu niliupeleka kwanza kwa wachapishaji wawili. Mmoja hakujibu. Mwingine alijibu baada ya miezi 14 kwamba kazi ni nzuri ila "haiendani na mpango wetu kwa sasa". Nililaani kwa muda mrefu, hadi nilipoelewa jinsi jiko lao linavyowaka.

Mchapishaji wa kwetu haishi kwa riwaya. Huishi kwa kitabu cha shule. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali iliwaachia wachapishaji binafsi kazi ya kutoa vitabu vya kiada, nao wakaajiri wahariri, wakanunua magari, wakafungua matawi. Miaka ya 2010 kazi hiyo ikarudishwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Kampuni iliyokuwa ikiuza maelfu ya vitabu vya Hisabati ilitumia faida hiyo kuthubutu na diwani moja au riwaya mbili kwa mwaka. Faida ilipokauka, wa kwanza kuachwa alikuwa mtunzi asiyejulikana. Mgala muue na haki yake umpe: hawakutudharau, walikuwa wanafunga mikanda.

Milango haijafungwa yote. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, humpa mshindi shilingi milioni 10 na kumchapishia mswada wake. Tuzo ya Fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, nayo imeibua waandishi waliokuwa hawajulikani. Jaribu huko kwanza. Kupeleka mswada hakugharimu nyumba. Lakini tuzo ina washindi wachache, na miswada iko kwenye kila droo ya mwalimu. Wengi wetu tutabaki na njia ya Tanga.

Mzee aliyefufuka

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuruka uhariri. Nilifundisha Ufasaha wa Lugha miaka tisa, nani angenihariri? Nikasoma mswada mara nne, nikampa rafiki mmoja aliyenirudishia na neno "safi sana", nikaupeleka mashineni.

Miezi mitatu baadaye nilikutana na msomaji wa kweli, muuza samaki wa Feri aliyenunua nakala kwa mpwa wangu. Alinishika mkono kwa heshima, akanisifu, kisha akaniuliza: "Mwalimu, hivi Mzee Salehe si tulimzika sura ya nne? Mbona sura ya kumi na moja anakunywa kahawa?" Nilifungua ukurasa wa 143 nikiwa nimesimama pale pale kwenye harufu ya vibua. Mzee Salehe alikuwa amekaa barazani, kikombe mkononi, akitoa na mawaidha. Nilikusudia kumwandika mdogo wake, Mzee Omari. Nakala 1,000 zilikuwa na marehemu anayekunywa kahawa.

Tangu siku hiyo sibishani na mtu kuhusu fedha ya mhariri. Na wahariri ni wa aina mbili. Yupo anayeangalia mwili wa hadithi: nani yuko wapi, kwa nini sura ya tatu inachosha, kwa nini mwisho umeharakishwa. Yupo anayeangalia ngozi: herufi, nukta, upatanisho wa ngeli, jina lililoandikwa Mwanahamisi huku na Mwanakhamis kule. Wa kwanza hufanya kazi kabla ya kurasa kupangwa; wa pili husoma tena baada ya kupangwa, kwa sababu kompyuta nayo ina ushenzi wake, hasa ikiwa programu imezoea Kiingereza na kugeuza neno "hata" kuwa "hate" bila kukuuliza. Asiye na uwezo wa kuwalipa wote wawili atafute angalau wasomaji watatu wasiomwogopa. Rafiki anayekupenda si mhariri. Atasema safi sana.

Jalada ni mahali pengine ambapo ubahili huonekana kwa macho. Wale wauza vitabu waliotandaza mali yao kwenye vibaraza vya Posta wana elimu ambayo haifundishwi chuo. Mmoja aliuangalia mgongo wa kitabu changu, ambako sikuandika kitu, akacheka: "Kaka, mimi vitabu nasimamisha. Chako nikikisimamisha kinakuwa bubu." Alikuwa na haki. Mgongo hubeba jina la kitabu na la mwandishi, na upana wake haupimwi kabla ya idadi ya kurasa na unene wa karatasi kujulikana. Jalada la nyuma nalo si mahali pa kuweka wasifu wako mrefu na shahada zako. Mteja hugeuza kitabu, husoma mistari sita, huamua.

Ukimlipa mtu akupangie kurasa na kusanifu jalada, andikianeni karatasi, na udai faili la asili mbali na lile la kupeleka kwa mchapaji. Nimewaona waandishi walioshindwa kutoa toleo la pili kwa sababu aliyeshika faili alihama mji. Ogopa vilevile anayejiita mchapishaji huku akikutoza gharama zote na kutaka haki zote ziwe zake. Aliyetoa fedha ya kitambaa ndiye mwenye suruali.

Namba na haki

Kitabu kisicho na ISBN, namba ya kimataifa ya utambulisho wa vitabu, ni kama mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa: anaishi, anakula, lakini siku ya kuandikishwa shule mnaanza kuhangaika. Kwa Tanzania namba hiyo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, pale Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, jengo lililofunguliwa mwaka 1967. Ina tarakimu 13. Ukiona 978 ikifuatiwa na 9976 au 9987, kitabu hicho kimesajiliwa Tanzania. 9966 ni cha Kenya, ambako namba hutolewa na huduma ya maktaba ya taifa ya huko. Toleo la karatasi na toleo la kielektroniki kila moja hutakiwa kuwa na namba yake. Na kitabu kikishatoka, sheria inakudai nakala za kuhifadhi maktaba ya taifa. Wengi hukwepa, wakidhani wanaokoa nakala. Mimi naona ndiyo rafu pekee nchini ambapo wajukuu zangu wana hakika ya kunikuta.

Hakimiliki ni jambo jingine, na hapa watu huchanganya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi tangu pale kazi inapoandikwa, katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, siko kunakozaa haki hiyo, bali ni ushahidi mkononi siku utakapokuta sura zako kwenye kitabu cha mwingine.

Hesabu ya kumi na sita

Sasa twende mashineni. Mashine ya ofseti haichapi ukurasa mmoja mmoja. Huchapa karatasi kubwa inayokunjwa ikawa kurasa 16, wakati mwingine 8. Kwa hiyo kitabu cha kurasa 193 hugharimu sawa na cha kurasa 208, kwa kuwa 208 ni 16 mara 13. Ama upunguze ukurasa mmoja ubaki na 192, ambazo ni 16 mara 12, ama uzitumie zile 15 za ziada kwa jambo la maana, kama sura ya kwanza ya kitabu kijacho. Mswada wa maneno 60,000, ukipangwa maneno 300 kwa ukurasa wa A5, utakupa kurasa kama 200. Piga hesabu hiyo kabla ya kwenda kwa mchapaji, asije akakupigia yeye.

Ofseti hudai pleti, yaani mabamba yanayobeba maandishi, na pleti zina bei ile ile uchape nakala 100 au 5,000. Ndiyo maana nakala zikiwa nyingi kila moja hushuka bei. Mashine za dijitali hazina pleti. Unaweza kuchapa hata 30, ila kila nakala itakuwa ghali zaidi. Kariakoo utazikuta za aina zote mbili. Mwambie fundi akuonyeshe kitabu alichokibandika gundi mwaka jana, ukifungue katikati kwa nguvu. Kurasa zikitoka, shukuru, ondoka.

Mtego wangu ulikuwa hapo kwenye bei ya nakala. Tuchukue namba za mfano tu, maana bei hubadilika kila karatasi inapopanda. Tuseme uhariri, kurasa na jalada vimekula shilingi milioni 1. Nakala 500 unaambiwa 4,000 kila moja, yaani milioni 2. Jumla milioni 3, na kila kitabu kimekugharimu 6,000. Mchapaji anakunong'oneza: ukichapa 1,000 nitakufanyia 2,800. Jumla milioni 3.8, kila kitabu 3,800. Nani atakataa? Mimi sikukataa. Hakuna aliyenikumbusha kwamba bei ya nakala hupungua kwenye karatasi ya hesabu, lakini fedha inayotoka mfukoni huongezeka, na nakala zisizouzwa hazina bei. Nafasi chini ya kitanda nayo haimo kwenye ankara.

Turudi kwenye zile 500. Unauza 10,000. Duka la vitabu, tuseme, linachukua asilimia 35, wewe unabaki na 6,500. Ukiziuza zote 500 dukani utapata milioni 3.25, faida ni 250,000 kwa kazi ya miaka miwili. Sasa gawa nakala 50 bure: mjomba, mchungaji, mwenyekiti wa mtaa, mgeni rasmi wa uzinduzi na msafara wake. Zimebaki 450, zimeingiza 2,925,000. Umepata hasara ya 75,000. Ukarimu wa nakala 50 umekugeuza kutoka mfanyabiashara kuwa mfadhili.

Lakini kati ya zile 450, uza 200 wewe mwenyewe kwa mkono wako kwa 10,000, na 250 dukani. Hapo utapata 3,625,000, na faida 625,000. Namba hizi ndogo ndizo zilizonifundisha kwamba mjichapishaji hafi njaa kwa sababu watu hawasomi. Hufa kwa kugawa bure na kwa kuogopa kuuza.

Mali kauli

Maduka mengi ya vitabu hayanunui kitabu cha mjichapishaji. Huchukua kwa mali kauli: acha nakala kumi, zikiuzwa njoo. Ni utaratibu halali, ila unamtaka mwandishi awe na daftari. Nani amechukua ngapi, tarehe gani, nani alisaini. Mimi sikuwa na daftari, nilikuwa na kumbukumbu. Duka moja mjini lilikuwa na nakala zangu 40; siku niliyopita tena nilikuta linauza vipuri vya pikipiki. Kijana wa kaunta alinionea huruma, akanipa soda.

Tena mali kauli ni pale pale mjini. Kitabu cha Kiswahili kina wasomaji Songea, Masasi, Kigoma, Wete na Mpanda, ambako duka la vitabu ni lile la madaftari na sare za shule. Kilichobadilisha mambo ni vitu viwili ambavyo havikuvumbuliwa kwa ajili ya fasihi: fedha za simu na mabasi. Msomaji hutuma fedha kwa simu, nami hufunga kitabu kwa bahasha ya kaki, naandika jina na namba yake, napeleka kwenye ofisi ya vifurushi ya basi kituo cha Magufuli, Mbezi. Kesho yake anapigiwa simu na wakala wa huko. Nauli ya kifurushi anailipa yeye, na tunakubaliana hivyo mapema. Njia hii ina ubora ambao duka halina: najua jina la kila aliyenunua. Siku kitabu cha pili kilipokuwa tayari, sikutangaza redioni. Nilifungua daftari.

Kitabu hicho cha pili nilichapa nakala 300 tu. Kabla ya kwenda mashineni nilikuwa na waliolipa 112. Wengi walikuwa wamesoma sura tano za kwanza bure kwenye kundi la WhatsApp, zikikatika pale ambapo Shigongo angezikata. Vijana wengi siku hizi huishi kwa njia hiyo, hadithi zikianzia Facebook bure na kumalizikia kwa malipo, na hakuna haja ya kuwacheka. Ni gazeti lile lile la zamani limehamia kiganjani. Lina ugonjwa wake: mmoja akilipa, faili la PDF huweza kusomwa na ukoo mzima kabla ya jua kuzama. Sina dawa ya hilo. Ninachofanya ni kutotoa faili kabla karatasi haijauzika, na kuandika ukurasa wa mwisho, bila matusi, namba ya simu kwa yeyote aliyesoma bila kulipa na moyo ukamsuta. Huwa wapo.

Kizuri chajiuza?

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewaumiza waandishi wengi. Tunaona haya kutembeza vitabu vyetu kwa sababu kutembeza ni kukiri ubaya wa mali. Tunangoja vijiuze. Lakini methali ilizaliwa sokoni, ambako embe zuri linanuka na mnunuzi ana pua. Kitabu kilichofungwa hakina harufu. Lazima mtu akifungue, asome ukurasa kwa sauti, kwenye mahafali ya shule, kwenye kijiwe cha kahawa, kwenye Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 7 Julai, au ukumbini wanapokutana waandishi wenzako. Miguu ya mwandishi ndiyo harufu ya kitabu.

Hivyo basi anayeniuliza kama ajichapishie, namuuliza maswali matatu tu. Nani asiyekupenda ameusoma mswada? Unawajua kwa majina watu hamsini watakaonunua? Na maboksi yatakaa wapi? Akijibu yote matatu, namwelekeza kwa mchapaji.

Maboksi yangu sasa yamebaki manne. Mawili yaliliwa na mchwa wa stoo mwaka 2017, mengine yameondoka taratibu, nakala tatu wiki hii, saba mwezi ule. Hakuna nakala inayotoka kwangu bila kufunguliwa ukurasa wa 143. Nafuta kwa kalamu jina la Salehe, naandika juu yake Omari, kwa mwandiko wa ubaoni. Wasomaji wengine hudhani ni pambo. Mmoja wa Mpanda aliniandikia kulalamika kwamba nakala ya jirani yake haikuandikwa kwa mkono. Ile ilikuwa moja ya zile za duka la vipuri.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Mbezi na vifurushi viwili vya Songea. Nilikuwa nimesahau kusahihisha kimoja, nikakifungulia pale pale kaunta ya vifurushi nikitafuta kalamu. Binti wa risiti alinitazama nikifuta na kuandika.

"Shikamoo mzee. Kumbe wewe ndiye mwenyewe? Sasa mbona bado unakiandika, si kilishachapwa?"

"Marahaba mwanangu. Kilishachapwa, ndiyo," nikamwambia. "Nakichapisha."

Akauliza kina uzito gani, akanikatia risiti.